Rufiji 1915: joto letu na ndege za Mwingereza

Juzi Jumapili nimeenda kwa mzee kama kawaida yangu, nafika namkuta kashika bawa mkononi, ndege yenyewe iko mezani imebaki na bawa moja na nusu, na anacheka peke yake. Shikamoo mzee, kulikoni tena? Marahaba mwanangu, pita, njoo uione Rufiji hii hapa.

Kwa ambao hamumjui, mzee ni fundi ndege mstaafu, jirani yangu wa mtaa wa pili, na tangu astaafu kazi yake ni moja tu, kutengeneza ndege ndogo za mfano za jeshi la Uingereza la zamani. Za Mrusi hataki, za Mmarekani anazitazama tu. Na hanunui zile za plastiki za kwenye boksi, bei yake anaijua na haina urafiki na pensheni, yeye anatumia chelewa, njiti za kiberiti, kopo la maziwa, kitambaa cha mfuko wa unga na gundi. Mama analalamika kila siku ufagio unapungua na hamna anayefagia. Sasa hiyo ya juzi ilikuwa Sopwith 807, ndege ya kutua majini, kaibandika na gundi mpya ya bei chee, akaiweka dirishani ikauke, akaenda zake kuswali adhuhuri, na joto la Dar la mwezi wa pili si mnalijua, karudi bawa limeachia limejilaza pembeni.

"Hizi zilifika Rufiji mwezi gani?"

Najua mzee.

"Sema basi."

Mwezi wa pili.

"Enhe. Na mimi nimeitengeneza mwezi wa pili. Imekuwa yenyewe kabisa!"

Mi nikacheka, ila nikarudi nyumbani nikaona hii lazima niiandike, maana watu wengi wanaopenda ndege za kijeshi za Uingereza kama mimi wanaanzia na kuishia kwenye Spitfire. Na silaumu, hata mi nilianzia hapo, nilikariri kwamba iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, mchoraji wake Mitchell, injini Merlin, alafu nikahamia kwenye Lancaster, alafu Vulcan lile la pembetatu ambalo wapenzi wake kule Uingereza walichangishana mpaka likaruka tena na likastaafu kabisa mwaka 2015. Nina rafiki yangu anafanya kazi ya kulea wazee huko Lincolnshire, yeye Lancaster inampitia juu ya kichwa wakati wa kiangazi ananitumia voisi nasikia injini nne zinanguruma, roho inauma. Lakini kumbe miaka yote hiyo, kilomita chache kutoka kwa bibi yangu Kibiti, kuna mahali marubani wa Mwingereza waliruka na vindege vya mbao na kitambaa wakati hata RAF yenyewe, jeshi la anga la Uingereza, haijazaliwa, maana RAF imezaliwa tarehe 1 Aprili 1918, na hii ilikuwa 1914 na 1915. Waliokuja walikuwa kikosi cha anga cha jeshi la majini, RNAS. Na mi nilikuwa sijui. Nimekuja kuambiwa na mzee nikiwa na miaka thelathini na.

Kisa chenyewe kwa kifupi, wanaokijua wanivumilie. Enzi za Vita Kuu ya Kwanza Mjerumani alikuwa na manowari inaitwa Königsberg, kapteni wake Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri ikaivamia manowari ya Mwingereza, Pegasus, hapo bandarini Zanzibar ikiwa inatengenezwa boila, ikaizamisha, ikaondoka. Ila na yenyewe Königsberg mitambo ilikuwa taabani, ikakimbilia kujificha ndani ya delta ya Rufiji, na vipuri vyake vikawa vinavutwa na watu, kwa mikono, nchi kavu, mpaka karakana ya reli Dar vikatengenezwe virudishwe. Hilo la watu kuvuta vyuma kutoka Rufiji hadi Dar huwa linatajwa kwa mstari mmoja tu alafu wanarudi kwenye meli, mi huwa linanikera, ila leo tuko kwenye ndege.

Nilipanda boti la Nyamisati kwenda Kilindoni mwaka juzi, nilikuwa naenda kwenye harusi Mafia, na ndo nikaelewa kwa nini walihitaji ndege. Unatoka Nyamisati boti linapita kwenye mkondo huku mikoko huku mikoko, mirefu, majani yamefungana, ukigeuka nyuma hujui umetokea mdomo upi, kila kijito kinafanana na mwenzake. Meli nzima ya kivita imekaa humo ndani maili kadhaa, na Mjerumani kaweka walinzi na bunduki na simu za waya kwenye midomo ya mto. Meli kubwa za Mwingereza haziwezi kuingia, kina ni kifupi. Ukiwa baharini huoni kitu. Sasa unafanyaje, si lazima upande juu?

Ndo wakampata raia mmoja wa Durban anaitwa Cutler, alikuwa na boti-ndege yake ya Curtiss, ya Kimarekani hiyo, wakamchukua na ndege yake wakamweka kisiwa cha Nyororo karibu na Mafia. Novemba 1914 akaruka. Safari ya kwanza akapotea, akashuka kwenye kisiwa kingine huko. Alafu rejeta ikafa. Sasa hapa ndo utamu wenyewe, mnajua walipata wapi rejeta nyingine? Mombasa, kwenye gari aina ya Ford. Yaani meli imeenda Mombasa kuchukua rejeta ya gari, imerudi, wakafunga, na jamaa akaruka tena na akaiona Königsberg. Mzee akifika hapa huwa anasimama kabisa. Anasema mwanangu mimi nimefanya kazi ya ndege miaka thelathini na nane, ukifunga kifaa hakina karatasi unafungwa wewe, na hawa wamefunga rejeta ya Ford wakaenda vitani!

Desemba injini ikamzimikia Cutler akatua mtoni, Wajerumani wakamkamata. Ndege yake Waingereza walienda kuivuta na kiboti huku wanapigwa risasi wakatoka nayo, yeye mwenyewe akabaki mateka miaka.

Baada ya hapo ndo zikaja zile Sopwith mbili, Februari 1915, chini ya rubani anaitwa John Cull. Kwenye karatasi ni ndege nzuri tu, injini ya Gnome nguvu za farasi 100. Ile Gnome ni injini ya ajabu, injini nzima inazunguka pamoja na propela, na mafuta yake ya kulainisha ni mafuta ya nyonyo, yale yale bibi aliyokuwa anatunywesha kwa nguvu likizo, na marubani wa enzi zile walikuwa wanayavuta hewani mpaka tumbo linaendesha. Basi, Sopwith zikashushwa majini pale Nyororo, zikawa hazipandi. Zinakimbia juu ya maji zinakimbia zinakimbia, hamna kitu. Ukimtoa mwangalizi na mabomu, na mafuta ukipunguza, labda. Na kila siku ikikaa juani gundi inalegea, mbao zinapinda, propela zinaachana tabaka kwa tabaka, maana propela za zamani ni vipande vya mbao vimegandishwa pamoja.

Mi nilikuwa nadhani ni gundi tu. Mzee akaniambia gundi ni nusu ya kesi, nusu nyingine ni hewa. Akachukua kalamu akaandika nyuma ya bahasha. Hewa ikipata joto inatanuka inakuwa nyepesi, hewa ya nyuzi 32 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa kama asilimia 6. Sasa bawa linabebwa na hewa, likipata hewa nyepesi linabeba kidogo. Propela inasukuma hewa, nayo inasukuma kidogo. Injini inapumua hewa, ikipumua nyepesi nguvu inashuka. Yaani umeibiwa mara tatu na mwizi mmoja! Ndege ya leo asilimia 6 haiisikii sana, ila ile ya 1915 ilikuwa imejengwa iruke kwa taabu hata kwao, haina akiba, ukiipunguzia kidogo tu inabaki chini. Kwaiyo mtu akisema Sopwith walitengeneza ndege mbovu mzee anakasirika kweli. Hao hao Sopwith ndo walitengeneza Camel miaka miwili baadaye, na Camel hakuna mpenzi wa ndege asiyeijua. Ndege haikuwa mbovu, ilipelekwa mahali sio pake.

Aprili zikaletwa ndege nyingine za maji, Short, tatu, zile za kukunja mabawa. Hizi zilikuwa zimeshachoka na kazi ya nyuma huko, ila angalau zilipanda, futi 600 hivi basi zimefika mwisho. Futi 600 ni kama mita 180! Kwa bunduki ya kawaida unaifikia. Unapita juu ya manowari yenye mabaharia wenye silaha kwa urefu huo, unapiga picha. Na walipiga, mwisho wa Aprili wakapata picha za Königsberg akiwa amelala kwenye mikoko, hai, amepakwa rangi vizuri. Sijui ujasiri wa namna hiyo watu walikuwa wanautoa wapi, mi kupanda kile kindege kidogo cha kwenda Mafia nilishika kiti mwanzo mwisho na ndo maana nilirudi na boti.

Wakaacha habari ya ndege za maji. Kisiwa cha Mafia walikuwa wameshakichukua Januari, kwaiyo wakafyeka uwanja hapo Mafia, na mwezi wa sita 1915 zikafika ndege nne za magurudumu, Caudron mbili na Henri Farman mbili.

Sasa hapa ndo tunagombana na mzee kila Jumapili. Curtiss Mmarekani. Caudron Mfaransa. Farman Mfaransa. Ndege za Kiingereza hasa zilizokuja ni Sopwith na Short, na hizo ndo zilizoshindwa. Nikimwambia hivyo mzee anasema rubani alikuwa Mwingereza, mimi nasema mzee hapo umehama uwanja, tunaongelea ndege. Anasema haya, tunywe chai.

Farman ile F.27 mzee kashaimaliza, iko juu ya kabati la vyombo na ndo nzuri kuliko zote alizotengeneza. Ukiitazama unaona kwa nini ilifaa. Kwanza hamna mbele. Yaani injini na propela viko nyuma ya mtu, mkia umeshikwa na fito mbili mbili kama ngazi, na rubani na mwangalizi wamekaa kwenye kitu kama beseni huko mbele kabisa hakuna kinachowazuia kuona. Kwa kazi ya kuangalia kombora linaangukia wapi, utataka nini tena. Pili, fremu yake ni mabomba ya chuma. Sio mbao na gundi. Chuma! Mzee hizo bomba kazitengeneza kwa waya wa hanga za nguo kasugua na msasa mpaka zinang'aa, alafu zile waya ndogo za kukazia mabawa ni uzi wa nailoni wa kuvulia, kahesabu moja moja kwenye picha ya zamani kwa lensi, siku nne kahesabu. Injini yake haikuwa ile ya nyonyo, ilikuwa ya kupozwa kwa maji, Canton-Unné.

Usifikiri ilikuwa mteremko. Kabla hata ya mapigano Farman moja na Caudron moja zilishaharibika kwenye majaribio, ikabaki moja moja. Na hizi hazina maboya, injini moja, unavuka bahari kutoka Mafia mpaka delta, ikizima huko kati ni wewe na papa.

Za kupiga walikuwa nazo meli mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey. Watu wengi hudhani zilitengenezwa kwa ajili ya Rufiji, hapana, ziliundwa Uingereza kwa oda ya Brazil zikafanye kazi mto Amazon, vita ilipoanza Waingereza wakazichukua. Tarehe 6 Julai 1915 zikaingia mtoni zikaanza kupiga Königsberg bila kuiona, msitu katikati, ndege juu inawatumia kwa morsi, zile alama za redio, kombora limeanguka wapi. Siku hiyo ikaharibika. Meli zote mbili zinapiga kwa wakati mmoja, sasa mwangalizi huko juu anaona maji yameruka hajui ni kombora la nani, akisema sogeza kushoto anamwambia nani? Na Königsberg naye alikuwa na watu wake wamejificha kwenye mikoko wanampa maelekezo, akaipata Mersey akaua watu kwenye mzinga wa mbele. Wakatoka.

Siku tano baadaye, tarehe 11, wakarudi, na safari hii anapiga mmoja. Severn anapiga, mwenzie kimya. Juu kuna Farman, Cull anaendesha na mwangalizi wake ni kijana wa Kikanada anaitwa Arnold. Makombora yakaanza kusogea, yakasogea, yakaanza kugonga. Ndo Farman nayo ikapigwa, injini ikafa. Sasa propela imesimama, ndege inateleza inashuka, kimya, na Arnold badala ya kusali anaendelea kubonyeza morsi anawarekebishia Severn mashuti. Na katikati ya hayo akatuma kwamba tumepigwa, leteni boti. Wakaanguka mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka kwa sababu magurudumu yalinasa maji, Arnold akachomoka. Cull hakuonekana. Alikuwa amesahau kufungua mkanda.

Kapambana huko chini ya maji mpaka akajinasua, boti la Mersey likawaokoa wote. Wakapewa nishani ya DSO wote wawili. Na Königsberg siku hiyo ndo ikawa mwisho, Looff akailipua mwenyewe ikakaa kwenye matope. Mizinga yake kumi Wajerumani waliiokoa, wakaitia magurudumu wakapigana nayo nchi kavu, mmoja uko Fort Jesus Mombasa, ukienda ushike. Chuma kina baridi hata saa saba mchana kile, sijui kwa nini.

Nilipokuwa Mafia kwenye ile harusi nikajifanya mtafiti. Nikaulizia ulipokuwa uwanja wa ndege wa Mwingereza wa mwaka 1915. Siku hizi kiwanja kiko Kilindoni ila sikuwa na uhakika kama cha zamani kilikuwa hapo hapo. Nikapelekwa kwa bwana mmoja mtu mzima, nikamwamkia, tukakaa barazani, nikaanza kueleza habari ya ndege na manowari ya Mjerumani. Niliposema tu Mjerumani akanitazama, akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, "Mna mashine?" Mashine gani baba? "Ya kupimia. Si mnatafuta rupia za Mjerumani?" Nikamwambia hapana baba natafuta ndege. Akakaa kimya kidogo, akasema ndege ya dhahabu? Nikashindwa hata kucheka. Akaniambia wamekuja wengi tu wanasema wanatafuta historia, usiku wanachimba. Tukanywa kahawa, hakuniamini mpaka naondoka.

Turudi kwa mzee. Jana jioni nimempelekea gundi nyingine, ile ya maseremala, ya kopo, hii hata iwekwe juu ya bati haiachii. Kaishika kaisoma maelezo yote, alafu kairudisha mezani. Kasema Sopwith anaibandika tena kwa ile ile ya bei chee, anataka ikae dirishani kama ilivyo, ikidondoka anaibandika, ikidondoka anaibandika. Mama yuko mlangoni akasema hiyo gundi mpya nipe mimi nikabandike stuli yangu. Akaichukua.

Alafu mzee akanishushia Farman kutoka kabatini, akaniambia angalia ndani, tumia tochi ya simu. Nikamulika lile beseni la mbele. Kuna viti viwili vya kopo la maziwa. Kwenye kiti cha rubani kuna mkanda, mwembamba kama utambi, kaukata kwenye kamba ya saa yake ya zamani, na kuna kifungo cha waya kimefungwa. Kiti cha mwangalizi mkanda uko wazi, umening'inia.

"Umeona?"

Nimeona mzee.

"Hiyo ni saa sita mchana, tarehe kumi na moja," kasema, akairudisha juu ya kabati taratibu, akaangalia kama mabawa yako sawa.

Anaanza Caudron wiki ijayo. Kama kuna mtu wa Mafia au Rufiji hapa aliyewahi kusikia kwa babu au bibi habari ya kufyeka uwanja wa ndege wakati wa vita ya Mjerumani, aniandikie, hata kama ni kipande tu. Mashine sina.